Ndoo Zilizohitimu

Sogezeni mikeka, na mwenye kiti abanane na mwenziwe. Habari hii ni ya nchi moja ya mbali, wala msiangaliane hivyo, si hii yetu. Hii yetu maji yapo.

Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Maji, Unyevunyevu na Matarajio. Makao yake yalikuwa jengo refu la vioo, na mbele ya jengo palikuwa na bomba la urembo linalorusha maji juu mchana kutwa, hata mvua inaponyesha, ili wananchi wanaopita na madumu matupu wajue kwamba serikali yao inayafahamu maji kwa sura.

Ndani ya nchi hiyo kulikuwa na kijiji kinaitwa Ziwani. Ziwa hakikuwa nalo. Jina kilipewa na afisa wa ramani aliyepita siku ya mvua, akaona dimbwi, akafurahi, akaandika. Kilichokuwapo ni kisima kimoja, na pale kisimani watu hawakupanga foleni. Ndoo ndizo zilizopanga. Unafika alfajiri, unaiweka yako nyuma ya ndoo ya mwenzio, unakwenda zako shambani, gengeni, msibani, popote. Ndoo ikisogezwa mbele, ni wewe umesogea. Mtu akiiruka, amekuruka wewe, na hapo mtasuluhishwa. Ndoo iliyoko foleni Ziwani ni mtu kamili. Watoto walikuwa wakipita wanaiambia ndoo ya bibi yao shikamoo, kisha wanafika nyumbani wanasema bibi wamekwisha kumwona, hajambo.

Aliyezijua ndoo zote kwa sura na makovu ni Bi Kidawa, muuza vitumbua mwenye banda ubavuni mwa kisima. Vitumbua vilikuwa biashara yake, lakini kazi yake ilikuwa habari. Akiona ndoo ya mke imewekwa mbali na dumu la mume, kabla ya saa nne kijiji kizima kinajua waliolala mzungu wa nne. Nyumba isiyo na wageni ilimuumiza kichwa. Yake mwenyewe ilikuwa haifungwi mlango.

Ndoo yake ilikuwa ya buluu, iliyowahi kubeba rangi ya ukuta, yenye mdomo ulioungua upande mmoja na tobo chini aliloliziba kwa kipande cha sabuni ya mche. Ndoo hiyo ukishaijaza huna ruhusa ya kusimama, maana sabuni ikilainika inaanza kuchuruza. Kwa Kidawa, kupita watu bila kusimama ilikuwa adhabu, basi alitembea mbio huku akitupa salamu na umbea juu ya bega, na anayetaka mwisho wa habari amfuate nyumbani.

Wiki hiyo alikuwa anamwozesha binti yake Mwantumu. Bwana harusi ni kijana mpole wa mjini, hana neno. Mwenye neno ni mama yake, Bi Tausi, ambaye alishasema hadharani, kwenye ngoma ya watu, kwamba Ziwani wanasugua sahani kwa mchanga na wanakausha mikono kabla ya kuilowesha.

"Jumamosi atakuja," Kidawa aliapa mbele ya banda zima. "Nitamnawisha mpaka vidole vikunjamane. Na pilau atakula, na birika la pili nitamletea, na la tatu, hata kama hataki!"

Kombo Debe, jirani yake, mtu wa maneno asiyepata kumiliki ndoo bali debe la mafuta lililotoboka masikio, akamwambia, "Dada, waalikwa uliowaita hata hicho kisima kitawaogopa."

"Kisima chetu hakina uchoyo, Kombo. Mchoyo ni wewe, uliyekula vitumbua vya watu tangu juzi ukisema unaonja."

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumatatu hiyo hiyo mchana, wizara ikafika.

*

Ilifika na magari, mahema, jenereta, projekta, viti vya plastiki, na katoni za maji ya chupa zilizopangwa mpaka zikafunika dirisha la gari la mbele. Kati ya katoni alikuwamo Bwana Mgalula, Mtaalamu Mwandamizi wa Ujengaji Uwezo, mwenye fulana iliyoandikwa TONE LAKO, JUKUMU LAKO. Akashuka, akakitazama kisima kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mmekuwa mkiyatumia maji haya bila mafunzo. Mnachota kiholela. Mnakunywa kwa mazoea. Serikali yenu sikivu imeona huruma. Tutawapa Semina ya Kuijengea Jamii Uwezo wa Usimamizi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Rasilimali za Maji. Na ili rasilimali ipate utulivu wa kufundishiwa, tunaifunga."

Wakakifunika kisima kwa bamba la chuma, wakatia kufuli, wakamsimamisha mgambo mwenye rungu. Atakayehitimu atapewa cheti, na mwenye cheti ndiye atakayechota. Mpaka hapo, wananchi watumie busara.

Kidawa akanyanyuka na upawa wake mkononi. "Bwana mkubwa, samahani. Semina inakwisha lini?"

"Jamii itakapokuwa imejengeka uwezo."

"Haiwezi kujengeka mapema kidogo? Mie Jumamosi nna harusi."

"Mama, harusi ni suala la mtu binafsi. Maji ni suala mtambuka."

Kidawa alirudi bandani kimya, jambo lililowatia watu hofu.

"Anamaanisha nini?" Kombo aliuliza.

"Anamaanisha hatuchoti," Kidawa alisema.

Siku ya kwanza, mchana ule ule, wote walikwenda. Mada ilikuwa Utambuzi wa Maji. Bwana Mgalula akawasha projekta, ukutani ikatokea picha ya glasi ya maji baridi, yenye matone yanayoteleza ubavuni, na kijiji kizima kikameza mate kwa pamoja.

"Nani ataniambia, hiki ni nini?"

"Maji!"

"Hapana. Hiyo ndiyo mitazamo tuliyokuja kuibadilisha. Hii ni fursa." Akafungua chupa, akanywa, akaguna kwa raha.

"Mwalimu," Kombo aliita, "na sisi tuna kiu."

"Kiu ni changamoto ya kimtazamo. Tutaigusa Alhamisi."

Walikaa pale mpaka jua likahamia upande wa pili wa hema. Magugu yakaachwa mashambani. Mbuzi walikula ukindu uliokuwa unakaushwa. Wenye vyungu walikwenda kuchota kwenye dimbwi la ng'ombe, na ng'ombe hawakulipenda jambo hilo. Kidawa alikaa kiti cha mbele akihesabu kwa vidole yaliyomngoja: mchele haujachaguliwa, jamvi halijaazimwa, mpishi anataka kujua kama apike au arudi kwao. Akikosa semina hana cheti, akiwa hana cheti hana maji, na asipokuwa na maji Bi Tausi ana cha kusema mpaka wajukuu wazeeke.

Basi Jumanne alfajiri akafanya ambalo mtu yeyote wa Ziwani angelifanya. Alichukua ndoo yake ya buluu, akaiweka kwenye kiti cha mbele katikati, akaisogeza vizuri isianguke, akaenda zake kuazima jamvi.

*

Kombo alipopita akaiona, akasema, "Dada Kidawa umewahi leo," akaenda kulileta debe lake. Wengine wakaja. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Bwana Mgalula alipomaliza chai yake na kuingia hemani, viti vyote vilikuwa vimejaa: ndoo za rangi, ndoo za mafuta ya kula, madumu, na beseni moja la mwanamke mjamzito lililopewa viti viwili.

Alisimama mlangoni kwa muda. Yasemekana alifungua mdomo kuita mgambo. Lakini simu yake ikalia, na aliyepiga alikuwa Mkurugenzi, kutoka kwenye jengo la vioo.

"Mgalula! Mahudhurio vipi?"

"Mheshimiwa, viti... viti vyote vimejaa."

"Safi! Wanasikiliza?"

Mgalula akazitazama. "Kwa makini sana, mheshimiwa."

"Hawalalamiki? Hawadai posho? Wale wa kijiji kingine walitaka mpaka soda!"

"Hawa hawajadai kitu."

Kisha Mkurugenzi akasema kwa sauti iliyojaa machozi, "Mgalula, hicho ndicho kijiji cha mfano. Nitamleta Waziri mwenyewe Jumamosi."

Utamlaumu? Mtu ana watoto. Bwana Mgalula akarekebisha kola, akawasha projekta, akaanza kufundisha.

Na kwa kweli hajawahi kufundisha vizuri kama wiki ile. Hakuna aliyesinzia. Hakuna aliyeuliza kisima kitafunguliwa lini. Aliposema, "Tupo pamoja?" hakuna aliyepinga. Aliwagawa katika makundi, madumu huku, ndoo kule, wakajadiliane kuhusu uvunaji endelevu, na yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa haki, akayasoma majibu ya kila kundi na kuyapongeza. Kwa majina ya washiriki alisoma maandishi ya ubavuni. Ijumaa wakachagua Kamati ya Maji bila kura hata moja kuharibika. Katibu akawa Koroga Kabla ya Kutumia. Mhazini akawa Hifadhi Mahali Pakavu. Na Mwenyekiti, kwa sababu alikaa mbele na hakukosa kipindi, akawa ndoo ya Bi Kidawa, Ndugu Weka Mbali na Watoto.

*

Jumamosi ikafika. Uani kwa Kidawa mchele ulikuwa umechaguliwa mpaka ukawa kama lulu, nyama imekatwa, masufuria yamekaa mafigani, na mpishi amekunja mikono. Kidawa akachukua madumu ya kuazima, akaenda kisimani kabla jua halijachomoza sawasawa.

"Umehitimu?" mgambo aliuliza.

"Ndoo yangu imehitimu. Tena ni mwenyekiti."

"Hongera. Basi ije ichote yenyewe."

"Wee mwanangu, una wazimu? Ndoo itachotaje yenyewe?"

"Shangazi, mimi sijasoma. Nimeambiwa aliyehitimu achote. Wewe ulikuwa unazurura na jamvi kichwani, nimekuona."

Kidawa hajamaliza kuvuta pumzi ya matusi, boza la serikali likarudi nyuma mpaka kisimani, dereva akashusha mpira, mgambo akafungua kufuli kwa heshima zote, na mashine ikaanza kunyonya. Ilinyonya mpaka kisima kikatoa sauti ya mtu anayemaliza uji kwa mrija.

"Na hilo boza limehitimu?" Kidawa aliuliza.

"Hilo la serikali, shangazi. Serikali ilizaliwa imehitimu."

Maji yale nusu yalimwagwa barabarani, ili vumbi lisimpate Mheshimiwa anapokuja. Nusu yakaachwa bozani, ili vumbi lisimpate anapoondoka. Bamba likarudishwa, kufuli likabanwa, na ufunguo akapewa Bwana Mgalula autunze mfukoni.

Kidawa akarudi nyumbani na madumu yanayogongana. Mlangoni akakuta vigelegele: wakwe wamefika. Bi Tausi alishuka garini na kanga mpya, akatazama masufuria, akatazama madumu, akatabasamu polepole.

"Mkwe," alisema, "usijisumbue. Nilijua. Tumekuja na mchanga wetu."

Mwantumu, ndani ya chumba chenye udi na dada zake, alisikia, akaanza kulia, wanja ukamtiririka. Kidawa akamtazama mwanawe, akamtazama Bi Tausi, akajifunga kanga kiunoni.

"Kombo!" aliita. "Twende kwenye mahafali."

*

Waziri alikuwa mtu mnene wa sauti, mwenye suti nyeupe kuanzia kola mpaka kwenye pindo la suruali. Alipoingia hemani na kuona wahitimu, msafara wote ulishika pumzi. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuanza kutafuta wa kumsukumia lawama. Lakini Waziri alikuwa mzoefu. Alishawahi kufungua daraja lisilo na mto na hospitali isiyo na mlango. Akazipungia ndoo mkono.

"Ndugu wahitimu!" alisema mbele ya kamera za televisheni. "Nimezunguka nchi nzima nikimtafuta mwananchi wa namna hii. Mwananchi mtulivu. Mwananchi anayekaa anapowekwa. Mwananchi ambaye ukimpa anapokea, usipompa hasemi! Wangekuwa wote hivi, tungekuwa tumefika mbali. Sasa naomba nisikie risala yenu."

Kimya.

"Fupi na yenye hekima," Waziri alisema, na msafara ukapiga makofi.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya kamba. "Mheshimiwa! Mwenyekiti ana neno!"

Kila kichwa kikageuka. Bi Kidawa alikuwa amekwisha kupita chini ya kamba, na Kombo nyuma yake.

"Wewe nani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mie msemaji wake. Mwenyekiti ni mtu wa aibu, hasemi mbele za watu." Akainamisha sikio kwenye ndoo, akatikisa kichwa, akanyanyuka. "Mwenyekiti anasema anashukuru. Ila ana wasiwasi na televisheni."

"Wasiwasi gani?"

"Anasema watu wa nchi za nje wakiona wahitimu wa maji hawana maji, watasema Mheshimiwa kadanganywa. Yeye hapendi Mheshimiwa asemwe. Anaomba wahitimu wote wajazwe kwanza, ndiyo picha ipigwe."

Waziri alikitazama kijimashine cha kamera chenye taa nyekundu. "Mwenyekiti ana akili kuliko wakurugenzi wangu," alisema. "Boza liko wapi? Anzeni na yeye. Na akae hapa, kando yangu, meza kuu."

Ndugu Weka Mbali na Watoto akajazwa mpaka mdomoni, akawekwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, mbele kidogo ya kiti cha Waziri. Dereva wa boza akanyoosha mpira kuelekea viti vya nyuma. Na Waziri, kwa kuwa picha inapigwa, akaamua kusema maneno machache zaidi akiwa amekaa.

Maneno machache ya Waziri wa nchi ile mnayajua. Alieleza mpango wa miaka mitano, akaeleza sababu za mpango wa miaka mitano uliopita, akafika kwenye busara za Kiongozi Mkuu. Kidawa alikuwa akitazama mpira wa boza, moyo wake uko uani kwenye sufuria, mpaka Kombo alipomfinya.

"Dada," alinong'ona. "Ile sabuni."

Kidawa akaigeukia ndoo. Katika shughuli zote za harusi, hakukumbuka sabuni. Tone la kwanza likatoka chini ya Mwenyekiti, likatambaa juu ya kitambaa, likachungulia ukingoni.

Mkurugenzi aliliona. "Mheshimiwa," alisema upesi, "Mwenyekiti analia kwa furaha!"

"Naona!" Waziri alisema, akaishika ndoo begani, kama ndoo ingekuwa na bega. "Lia, ndugu yangu! Hayo ni machozi ya mwananchi aliyeguswa na maendeleo!"

Sabuni ikang'oka. Machozi ya maendeleo yakashuka yote kwa pamoja, yakapita kitambaa, yakamwagikia mapajani pa Mheshimiwa, mahali ambapo suti nyeupe ikilowa mtu mzima hana maelezo. Waziri akasimama ghafla. Hilo lilikuwa kosa, maana kamera nazo zilisimama naye.

Kisha kutoka katikati ya umati, sauti ya mwanamke wa mjini, Bi Tausi mwenyewe, aliyemfuata mkwe wake kuja kumwona akiaibika, ikasema kwa upole: "Masikini, si wangempeleka msalani?"

Msafara uliondoka kama moto. Waziri mbele akijifunika kwa bango la TONE LAKO, JUKUMU LAKO, Mkurugenzi nyuma, mgambo nyuma ya Mkurugenzi, wapiga picha nyuma ya wote wakiendelea kupiga. Bwana Mgalula alipokimbilia mlango wa gari, Mkurugenzi alimfungia usoni. "Wewe baki na wahitimu wako!" Vumbi likawapata vizuri sana, kwa sababu boza halikuwahi kutangulia. Dereva wake alikuwa bado ameshika mpira, anajaza madumu ya viti vya nyuma kama alivyoagizwa.

"Kaka dereva," Kidawa alimwambia, "umekula?"

"Tangu jana sijala, mama."

"Basi vuta gari mpaka uani kwangu. Ni pale penye vigelegele."

*

Pilau ilipikwa. Mwantumu alinawishwa uso, akapakwa wanja mwingine. Bi Tausi alinawa mara moja, akanawishwa mara ya pili, na ya tatu akaomba radhi, na Kidawa akasema, "Nyoosha vidole, mkwe, maji haya ni ya serikali, usiyaonee haya."

Bwana Mgalula alikutwa ameketi hemani peke yake kati ya ndoo. Kidawa akamshika mkono, akamleta, akamketisha kwenye sinia pamoja na Kombo na dereva wa boza. Hakuulizwa, hakuzomewa. Alikula kama mtu aliyefundisha wiki nzima. Alipofika kwenye ukoko, Kidawa akakaa mbele yake.

"Mwanangu, hilo boza kesho litakuwa tupu. Tupe ufunguo."

Macho yakamtoka. "Mama, siwezi. Kanuni inasema ufunguo nimkabidhi mhitimu. Mhitimu tu. Nikikupa wewe, kazi sina."

"Kazi unayo bado?" Kombo aliuliza.

"Sijaambiwa kwamba sina."

Kidawa hakubishana. Alinyanyuka, akaenda, akarudi na ndoo ya buluu, tupu, cheti kilichoachwa hemani kimefungwa kwenye mshikio. Akaiweka mkekani mbele ya mtaalamu.

"Mwenyekiti amekuja kupokea."

Bwana Mgalula aliitazama ndoo. Akatazama sinia. Akajifuta mikono, akasimama wima, akasema maneno ya makabidhiano kama yanavyotakiwa kusemwa, na akauangusha ufunguo ndani. Ulilia *ngo*. Akainama, akasalimiana na mshikio. Watu wakampigia makofi ya kweli, ya kwanza wiki ile, na yeye akakaa akaongezewa nyama.

Kisima kilichukua muda kurudisha maji yaliyonyonywa, lakini kilirudisha. Wizara ilitangaza kwamba Ziwani imejengeka uwezo kikamilifu, na kwa hiyo haitahitaji kuletewa kitu kingine chochote. Wakaguzi wakija na kuuliza ni nani anayesimamia maji hapa, wanaelekezwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kisima, anapokaa Mwenyekiti na ufunguo wake. Wanampa mkono, wanapiga naye picha, wanaondoka wameridhika. Akiwa na zamu yake ya kuchota huenda na Bi Kidawa, kisha anarudi kitini na maji yaliyobaki ndani, na Kidawa hajapata nafasi ya kutafuta sabuni nyingine, maana banda siku hizi linajaa.

Siku moja mgeni mmoja aliona udongo umelowa chini ya kiti, na kuku wamekusanyika wanakunywa.

"Mbona kiongozi wenu anavuja?" aliuliza.

"Mwache," Kombo alimjibu. "Nchi nzima hii ni yeye peke yake ambaye kinachotiwa ndani yake kinawarudia watu, japo tone tone."